Kwa Ambakisye, kuhusu Neema na bahari

Tukuyu, 14 Juni

Ndugu yangu Ambakisye,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Barua yako nimeipata. Kumbe Neema kamaliza kidato cha sita na anataka kusoma zuolojia ya bahari! Na mama yake anauliza mtoto wa Mafinga, aliyekulia kwenye misonobari, baharini anafuata nini. Hata mimi wajomba waliniuliza hivyo hivyo.

Bahari niliiona nikiwa tayari chuoni. Habari za nani anamla nani nilizianzia Matema, Ziwa Nyasa. Kuna samaki kule, Nimbochromis livingstonii, anajilaza ubavu mchangani na madoa yake, ungeapa ni mzoga. Hatikisiki. Visamaki vikisogea kudonoa, anavirukia na kuvimeza. Nilikaa majini nikimtazama mpaka meno yakagongana kwa baridi.

Nikasoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, halafu nikaenda Zanzibar. Hapa mwambie Neema ukweli: watu wanadhani tunashinda tukiogelea na papa, kumbe kazi kubwa ni matumbo. Pomboo akinasa kwenye jarife akafa, tunapasua tumbo na kuchuja kilichomo kwa maji. Nyama imeshayeyuka. Kinachobaki ni midomo ya ngisi, migumu, na vijiwe vya masikio ya samaki, vingine vidogo kama punje ya mchele. Kwa umbo la kijiwe unajua aliliwa samaki gani. Ukikikata na kukitazama kwa darubini, unahesabu pete za umri wake. Harufu yake, bwana, haitoki hata kwa ndimu.

Siku hizi anayeliwa ndiye anayenivutia kuliko anayekula. Chukua potwe wa Mafia, papa ambaye ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani. Kuanzia Oktoba hadi Machi hivi anaonekana sana karibu na Kilindoni, na anachofuata ni uduvi! Watalii wanapiga picha mgongo wake, mimi nachota maji yaliyo mbele ya mdomo.

Neema asidharau takwimu, maana bila hizo vijiwe vinabaki vijiwe. Kuogelea ajifunze mapema. Mimi nilijifunza ukubwani, watoto wa Unguja wakinicheka. Na dirisha la mikopo likifunguliwa aombe mara moja, asingoje wiki ya mwisho.

Msalimie sana Mama Neema na wazee.

Wako,
Lusajo