Kazi ya juri isiachiwe wenye hiari peke yao

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nichangie mjadala wa kama raia anayeitwa kuketi kwenye juri, yaani jopo la raia wanaoamua mahakamani kama mshtakiwa ana hatia, alazimishwe na sheria au aachiwe uamuzi mwenyewe. Wanaotaka hiari wana hoja tamu masikioni: mtu aliyeburutwa kutoka kazini kwake atasikiliza kesi jicho likiwa kwenye saa, kwa hiyo ni heri kuwachukua walio tayari na kuwaacha wengine waendelee na shughuli zao. Wanaotaka ulazima hujibu kwa mahubiri ya uzalendo, na nadhani hapo ndipo wanapoipoteza hoja yao, kwa kuwa juri haikuwekwa ili kumfunza mtu uzalendo. Imewekwa kwa ajili ya mshtakiwa ambaye, kabla dola haijamnyang'anya uhuru wake, ana haki ya kusikilizwa na watu waliotoka katika kila pembe ya jamii anamoishi. Tujiulize basi kama watu hao watapatikana kwa njia ya kujitolea.

Wanajuri wasichanganywe na wazee wa baraza, ambao humpa jaji maoni naye akawa huru kuyakataa. Wanajuri ndio wanaoamua kama kosa limethibitishwa. Idadi yao hutofautiana: Uingereza ni 12, Scotland ni 15 katika kesi za jinai, na Japani, tangu mwaka 2009, raia 6 huketi pamoja na majaji 3 katika kesi za makosa makubwa. Kote huko majina hupatikana kwa bahati nasibu kutoka katika daftari la wapiga kura, na anayeitwa hana budi kufika isipokuwa awe na sababu inayokubalika kisheria.

Utaratibu wa hiari umewahi kutumika na matokeo yake yamo katika kumbukumbu za mahakama. Katika majimbo ya Florida na Louisiana nchini Marekani, kwa miaka mingi katika karne ya 20, mwanamume aliitwa kwenye juri atake asitake, ilhali mwanamke hakuitwa mpaka ajiandikishe mwenyewe kwamba yuko radhi. Hakukuwa na sheria iliyomkataza. Aliachiwa hiari yake. Katika kaunti ya Hillsborough, Florida, wanawake wapatao 46,000 walikuwa kwenye daftari la wapiga kura, na waliojiandikisha kwa kazi ya juri walikuwa kama 220. Gwendolyn Hoyt, aliyeshtakiwa huko kwa kumuua mumewe kwa gongo la besiboli, akajitetea kwamba akili yake iliruka kwa muda kutokana na vurugu za ndoa yao, alitiwa hatiani na juri ya wanaume peke yao. Alipokata rufaa hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, aliambiwa mwaka 1961 kwamba hakutendewa kosa lolote, kwani mwanamke bado alihesabiwa kuwa kitovu cha nyumba na familia.

Msimamo huo ulivunjwa mwaka 1975 katika shauri la Billy Taylor, mwanamume aliyekuwa ameshtakiwa kwa utekaji nyara huko Louisiana. Katika eneo la mahakama iliyomhukumu, wanawake walikuwa asilimia 53 ya watu wenye sifa za kuitwa, lakini kati ya majina yapatayo 1,800 yaliyochaguliwa kwa muda wa karibu mwaka mmoja, ya wanawake yalikuwa 12 tu. Mahakama ya Juu ikasema kwamba juri inayochaguliwa kutoka katika orodha isiyowakilisha jamii siyo ile iliyokusudiwa na katiba, na kwamba mshtakiwa yeyote, hata akiwa mwanamume, ana haki ya kulalamika.

Nawaomba wapenda hiari waitazame idadi hiyo ya 12 kwa utulivu. Sidhani kama wale maelfu waliobaki walikuwa watu wasiojali haki. Wengine walikuwa na watoto wachanga, wengine walitegemea ujira wa siku, wengine waume zao wasingeafiki, na wengi, nina hakika, hawakujua hata fomu inajazwa katika ofisi gani. Kujitolea kunataka muda, nauli, taarifa na mtu kujiona kuwa anastahili, na vitu hivyo havikugawanywa sawa katika jamii yoyote ninayoifahamu.

Jimbo la Missouri lilijaribu njia ya kati: liliwaita wote, kisha likamruhusu mwanamke yeyote kuomba asamehewe bila kueleza sababu. Katika kaunti ya Jackson, ambako wanawake walikuwa asilimia 54 ya watu wazima, waliofika mahakamani walikuwa takriban asilimia 15. Utaratibu huo nao ukabatilishwa mwaka 1979.

Najua kuna atakayenikumbusha Athens ya kale, ambako wanajuri walijitolea: kila mwaka bahati nasibu iliwachagua 6,000 miongoni mwa waliojitokeza, na kesi moja iliweza kusikilizwa na watu 501. Ni kweli, lakini wanawake, watumwa na wageni hawakuhesabiwa kabisa, na hata ndani ya kundi hilo dogo watunzi wa vichekesho wa zama zile waliwadhihaki wazee waliogeuza mahakama kuwa mahali pa kupitishia siku na kuchukulia posho.

Yuko pia anayejitolea kwa hamu iliyopita kiasi. Aliyewahi kuvunjiwa nyumba akaona kila anayepandishwa kizimbani ni mwizi atajitokeza. Aliyewahi kuonewa na polisi akaapa kutoamini neno lao tena atajitokeza vilevile. Mimi, ningekuwa mshtakiwa, ningemwogopa zaidi mtu anayekimbilia kunihukumu kuliko yule anayekuja akinung'unika.

Kuhusu dai kwamba aliyelazimishwa hufanya kazi ovyo, historia ina jibu ambalo halitajwi vya kutosha. Mwaka 1670 mjini London, William Penn na William Mead walishtakiwa kwa kuhubiri barabarani. Wanajuri wao hawakuwa watu waliojitolea. Waliitwa kwa amri kama desturi ilivyokuwa. Walipokataa kuwatia hatiani jinsi mahakama ilivyotaka, walifungiwa ndani usiku na mchana bila chakula, maji wala moto, wakatoka na jibu lilelile, kisha wakatozwa faini. Mwanajuri Edward Bushell na wenzake wachache waliogoma kulipa wakapelekwa gerezani, na kutokana na shauri lake Jaji Mkuu Vaughan akaamua kwamba mwanajuri hawezi kuadhibiwa kwa sababu ya uamuzi wake. Ulinzi huo mkubwa kabisa wa wanajuri tumeachiwa na watu ambao hawakuomba kuwapo pale.

Hata hivyo, ulazima usio na malipo ni hiari iliyovishwa kanzu ya sheria, na hapa nawalaumu wanaounga mkono upande wangu. Uingereza anayepuuza wito anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 1,000, ilhali kwa miaka mingi fidia ya juu kabisa ya mshahara aliopoteza imekuwa pauni 64.95 kwa siku katika siku 10 za kwanza. Mahakama za shirikisho za Marekani hulipa dola 50 kwa siku, na nyingi za jimbo la California hulipa dola 15, tena kuanzia siku ya pili. Mfanyakazi wa kibarua mwenye kodi ya nyumba mbele yake atafanya nini? Ataomba asamehewe, jaji mwenye huruma atamsamehe, na kiti chake kitachukuliwa na mstaafu au mtu ambaye mwajiri wake anaendelea kumlipa. San Francisco iliona tatizo hili, ikaanza mwaka 2022 kuwalipa wanajuri wa kipato cha chini dola 100 kwa siku, na ningependa kuona mahakama nyingine zikiiga.

Misamaha nayo ipunguzwe, hasa ya wakubwa. Uingereza iliwasamehe majaji, mawakili na polisi hadi mwaka 2004. Sasa nao huitwa, na mahakama zao hazikuanguka. Mwenye mgonjwa, mtihani au mavuno apewe tarehe nyingine ndani ya mwaka uleule badala ya kufutwa kwenye orodha, mwajiri azuiwe na sheria kumfukuza aliyeitikia wito, kama ilivyo katika mahakama za shirikisho za Marekani, na malipo yaanze siku ya kwanza yakilingana na ujira ambao mtu amethibitisha kuupoteza. Serikali isiyokuwa tayari kugharimia hayo haina haki ya kumtoza faini asiyefika.

Msomaji wenu