Kutaja Jina Si Ruhusa

Malindi

Shoga yangu Mwanaisha,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, ila joto la kaskazi limetukalia kooni. Umeniuliza nawafundishaje watoto habari za hakimiliki, maana wanafunzi wako huko Marekani wakishasikia "matumizi ya haki" (fair use, yaani kutumia kazi ya mtu bila ruhusa kwa masharti fulani) wanadhani kila kitu ni cha bure.

Wangu ugonjwa wao ni mwingine. Wanaamini ukishaandika jina la mwandishi, umemaliza. Riwaya teule nzima inapigwa picha ukurasa kwa ukurasa, inatiwa kwenye kundi la WhatsApp, na chini wanaandika kwa adabu kabisa: "Kazi ya fulani." Kana kwamba fulani huyo ameshakula, ameshiba.

Kwa hiyo naanza na Shaaban Robert. Alifariki 1962. Sheria yetu ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 humlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki, basi hesabu yake ilikwisha mwisho wa 2012. Shairi lake unalichapa zima, unaliuza, humwombi mtu. (Dibaji na michoro ya toleo jipya ina wenyewe, na hiyo huigusi bila ruhusa.) Kisha nauliza: nikilitia jina langu je? Darasa zima: "Mwizi!" Haya, na mshairi aliye hai, nimemtaja jina vizuri, lakini diwani yake yote nimeitoa fotokopi nikawauzia nyinyi? Kimya. Halafu ubishi, mpaka binti mmoja wa nyuma akasema: "Yule wa kwanza jina lazima, ruhusa si lazima. Huyu wa pili jina peke yake halitoshi." Sikumwongezea neno.

Kiasi nacho kiliwatoa jasho. Chama cha Kiswahili kinaandaa mkusanyo wa mashairi ya kusomea shuleni, na sheria yetu inaruhusu mkusanyo wa namna hiyo uchukue vifungu vifupi visivyozidi viwili kutoka kazi moja, kwa kutaja kazi na mwandishi. Kijana mmoja akashikilia kwamba utenzi mzima ni kifungu kimoja, kwa kuwa mwandishi hakupumzika!

Hao wako, kwa matumizi ya haki, wana kifungu cha 107 cha Sheria ya Hakimiliki ya Marekani ya 1976 na mambo yake manne: lengo la matumizi, aina ya kazi, kiasi kilichochukuliwa, na athari kwa soko la kazi hiyo. Najua mahakama huyapima yote pamoja, lakini mimi ningeanzia la mwisho. Waulize: aliyepata nakala yako atakinunua tena kitabu? Sheria yetu hutaja malengo yenyewe, kama utafiti, matumizi binafsi, uhakiki na kuripoti habari. Yenu ni pana zaidi, ila kwa mtoto wa sekondari naona yetu inashikika upesi. Na hesabu yangu ya miaka 50 usiibebe huko. Kwenu ni maisha na miaka 70, na kazi za zamani zina kanuni zake nyingine kabisa.

Yale mazoezi uliyoyatunga ya kesi za kubishania, nitumie. Nataka kuwatolea nakala darasa zima, na ruhusa nakuomba hapa hapa, kwa maandishi.

Nisalimie watoto.

Wako,
Zuhura