Kwa vijana wanaoacha kazi kwa meseji ya usiku

Wanangu mlioajiriwa,

Juzi binti mmoja wa mtaani kwetu hapa Tanga alinionyesha, kwa majivuno kabisa, meseji aliyomtumia bosi wake saa tano usiku: “Kuanzia kesho siji tena. Asante.” Chini yake kaweka emoji ya kucheka. Alikuwa mtunza stoo wa hoteli. Akasubiri nimpongeze, na muda wote huo funguo za stoo ziko mezani mbele yetu, zimefungwa kwa kamba ya bluu.

Nimekuwa afisa utumishi mpaka nimestaafu, kwa hiyo swali langu lilikuwa moja: mzigo umemkabidhi nani? Akanitazama kana kwamba nimetetea adui.

Sababu alikuwa nazo, tena nzito. Mshahara unafika tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Bosi anamwita mjinga mbele ya wageni. Pale si mahali pa kung'ang'ania na sitamwambia yeyote ang'ang'anie. Kinachoniudhi ni mtu mwenye haki yake kuitupa barabarani kwa sababu ya hasira ya usiku mmoja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka anayelipwa kwa mwezi, akishavuka mwezi wa kwanza kazini, atoe notisi ya maandishi isiyopungua siku 28. Ukikataa kuzifanyia kazi siku hizo, mwajiri anaruhusiwa kukata kwenye stahiki zako kiasi ambacho ungelipwa. Ukipotea zaidi ya siku tano za kazi bila sababu inayokubalika, anaweza kukushtaki utoro, na faili lako likafungwa kwa kosa la nidhamu. Na kreti za soda zitakazopungua wiki hiyo ataandikiwa nani? Mwenye funguo. Jana ulikuwa unamdai bosi mshahara, leo yeye ndiye anakudai. Nimeona mafaili ya namna hiyo mpaka nikachoka, na mengi ni ya watu waliokuwa wafanyakazi wazuri kuliko mabosi wao.

Nilimwambia arudi asubuhi, mzigo uhesabiwe mbele ya shahidi, daftari lisainiwe na pande zote mbili, abaki na nakala. Alinung'unika, akaenda.

Sasa, utajuaje kwamba wakati umefika? Kwanza chuja unachokichukia: ni kazi, ni mtu, au ni mshahara? Mtu anaweza kuhamishwa, au ukahamishwa wewe. Mshahara unaombwa, tena kwa barua. Usiishie kuusema kwenye chai ya saa nne. Lakini kama kazi yenyewe inakuchosha roho hata siku mshahara umeingia, na kwa mwaka mzima hujajifunza kitu ambacho mwajiri mwingine angekulipa kwa ajili yake, anza kufunga mizigo. Kimya kimya. Weka akiba ya kodi na chakula ya miezi kadhaa, kwa maana fao la kukosa ajira la NSSF halimhusu aliyejiuzulu mwenyewe, na wengi hulijua hilo wakiwa tayari dirishani.

Yapo ya kutosubiri akiba. Ukiambiwa usaini hesabu za uongo. Ukitakiwa mwili ili upate mkataba au cheo: hiyo ni rushwa ya ngono, ni kosa chini ya sheria ya rushwa ya mwaka 2007, na mlango wa TAKUKURU uko wazi. Ukipandishwa juu ya mtambo mbovu bila kinga. Hapo ondoka.

Makato ya NSSF yanakatwa lakini hayafiki? Angalia michango yako kila mwezi kwenye simu, lalamika mapema kwa maandishi.

Na kama mwajiri ndiye aliyeifanya kazi isivumilike, usiandike “naacha kwa sababu zangu binafsi” ili uonekane mstaarabu. Sheria inatambua kwamba mtu anaweza kuwa ameachishwa isivyo halali ingawa barua aliiandika kwa mkono wake. Shauri hilo linakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na huko utaulizwa: ulilalamika lini, kwa nani, karatasi iko wapi?

Nawahurumia, wanangu. Mnapewa mikataba ya miezi mitatu mitatu, wengine ya mdomo tu, na ukidai haki unaonyeshwa geti: nje wapo mia wanaoitaka nafasi yako. Mwajiri anayesema hivyo kila Ijumaa asishangae Jumatatu kiti kitupu. Halafu jioni mnafungua simu mnamkuta mhamasishaji ndani ya gari la kukodi anawaambia kuajiriwa ni utumwa, acha kazi kesho, jiajiri. Mtaji hataji. Kodi ya fremu hataji. Anachouza ni semina, na kiingilio mnakilipa kwa mshahara huo huo anaoutukana.

Na sisi wazazi hatuna nafuu. Kijana anasema analia chooni kazini, tunamjibu vumilia, usiache mbachao kwa msala upitao. Tunachoogopa ni harusi ijayo, tutamtambulishaje kwa wajomba. Wazazi wenzangu, mtoto akija kuwaambia ameacha kazi, mpeni maji anywe kwanza. Kisha muulizeni kama amepewa cheti chake cha utumishi, na kama siku za likizo alizobakiza amelipwa.

Mzee wenu,
mstaafu, Tanga