Moto wa 1973 haukumaliza kila kitu

Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji aliyekata tamaa ya kutafuta habari za babu wa mkewe, mwanajeshi wa anga wa Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia, baada ya kujibiwa kwamba jalada lake liliungua. Naomba nafasi nimwambie asiache. Nami nilijibiwa hivyohivyo kwa barua ya mistari minne, nikakaa mwaka mzima nikiamini hakuna kilichobaki.

Babu wa mume wangu alikuwa mpiga bunduki kwenye ndege ya mabomu ya B-17 iliyoruka kutoka Uingereza. Alirudi kwao mwaka 1945 akichechemea, na mpaka anafariki hakumsimulia mtu sababu. Nyumbani walisema alipigwa risasi. Wanangu wanaujua ukoo wa upande wangu kwa majina, maana marehemu baba aliwakaririsha walipokwenda Moshi likizo. Kwa baba yao palikuwa na picha moja tu na habari ya mguu mbovu.

Moto ni kweli ulitokea. Tarehe 12 Julai 1973 iliungua ghorofa ya sita ya jengo la majalada ya wanajeshi, nje kidogo ya St. Louis, Missouri, na majalada kati ya milioni 16 na 18 yakapotea bila nakala. Wengi husikia kwamba ya Jeshi la Anga yaliyosalimika ni ya majina ya mwanzo wa alfabeti, mpaka Hubbard, basi mwenye ukoo wa Brown hufurahi. Hesabu hiyo inawahusu walioacha utumishi kuanzia Septemba 1947, jeshi hilo lilipojitegemea. Wakati wa vita wanajeshi wa anga walikuwa chini ya Jeshi la Nchi Kavu, na kwa walioliacha kati ya Novemba 1912 na mwanzo wa 1960, asilimia 80 ya majalada iliteketea. Babu yetu alikuwa humo.

Lakini kilichoteketea ni jalada lake binafsi, na mwanajeshi aliyeumia hakuandikwa mahali pamoja tu. Kila siku kikosi kiliandika taarifa ya asubuhi: nani kapelekwa hospitali, nani karudi kazini, nani hajulikani alipo. Taarifa hizo zipo. Ndege isiporudi, kuanzia 1943 iliandikiwa ripoti yake yenye majina ya wote waliokuwamo, na mara nyingi maneno ya wenzao walioiona mwisho. Aliyekufa alifunguliwa jalada jingine la mazishi.

Tena kuna kadi za hospitali. Madaktari wa jeshi walitaka takwimu, wakaziingiza habari za waliolazwa mwaka 1942 hadi 1945 kwenye kadi za kutobolewa matundu. Baadaye sehemu yake ilihamishiwa kwenye tepu za kompyuta, na mwaka 1988, miaka 15 baada ya moto, tepu hizo zikatolewa kwa wahifadhi wa St. Louis. Si kila mgonjwa yumo, na aliyemo hana jina. Ana namba yake ya jeshi, mwezi aliolazwa na ugonjwa wenyewe.

Kwa hiyo namba ndiyo ya kutafutwa kwanza. Sisi tuliipata kwenye pembe ya bahasha, alipomwandikia mama yake. Ingeweza pia kuwa kwenye kile kibati cha shingoni, au kwenye cheti cha kuacha jeshi, ambacho wengi walikipeleka kuandikishwa mahakama ya kaunti waliporudi. Kwa namba hiyo tuliipata kadi yake ya hospitali, na tulipoilinganisha na taarifa za asubuhi tukajua: hakupigwa risasi. Aligandishwa miguu na baridi. Wapiga bunduki wa ubavuni walisimama kwenye madirisha yaliyo wazi, juu sana, penye nyuzi 40 chini ya sifuri na zaidi, na nguo zao za kupashwa joto kwa umeme zilikuwa zikiharibika angani. Mume wangu alisoma neno hilo moja, akatoka nje, akakaa barazani mpaka giza likaingia.

Jambo jingine msomaji yule alijue: miaka 62 ikishapita tangu mtu aache jeshi, jalada lake, au masalio yake, huwa wazi kwa yeyote. Asikubali kukataliwa kwa sababu mkwe au mjukuu hahesabiwi ndugu wa karibu.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni uchapishe maelezo ya namna ya kuomba nyaraka hizi kwa Kiswahili. Tumo wengi huku tuliooa na kuolewa katika familia hizi, na wazee wao wanahamia nyumba ndogo. Masanduku yanatupwa na bahasha zikiwa ndani.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Minneapolis, Minnesota