Wifi anasema sijui kusoma, lakini karatasi yenyewe haisemi

Shangazi, shikamoo.

Nisamehe nikiandika bila mpangilio, usingizi umenipaa na kichwa kinagonga. Ni sweta ya kroshia ninayomfumia mtoto wa wifi, ambaye hajazaliwa bado.

Karatasi ya maelekezo alinipa wifi mwenyewe. Alisema anataka ileile, isibadilishwe hata shingo, nami nikakubali kwa moyo mkunjufu maana ndiye mtoto wake wa kwanza. Sasa juzi, mbele ya mama mkwe na wageni, ananyanyua kipande cha mgongo nilichokwisha kufuma, anakigeuzageuza, anasema: "Kila kitu kimeandikwa hapa, hata mtoto wa darasa la tatu angemaliza." Watu wakacheka. Mimi nikainuka nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Shangazi, kufuma sijaanza jana. Nilifunzwa na mama kwa kuangalia mikono yake, na mashali yangu wanayavaa watu, mama mkwe akiwemo. Asiyejua kufuma hakabidhiwi sweta ya mtoto mchanga. Au nasema uongo?

Karatasi imejaa vifupisho vya majina ya mishono: ch (cheni), dc, tr, sl st (mshono wa kuteleza). Navijua vyote. Nisichoambiwa ni dc ya nani. Kwa Wamarekani dc ni mshono mrefu, ule wa kuzungusha uzi mara moja kwenye sindano ya kroshia kabla ya kuichomeka. Kwa Waingereza dc hiyohiyo ni mshono mfupi, unachomeka bila kuzungusha, na ule mrefu wao wanauita tr. Kungekuwa na sc, jina la Wamarekani la mshono mfupi, mahali popote ningejua ni ya Kimarekani. Ingekuwepo htr, jina la Waingereza la mshono wa kimo cha kati, ningejua ni ya Uingereza. Hakuna. Nimeipitia karatasi mbele na nyuma, hadi herufi ndogo za chini kabisa.

Na niliuliza, tena mapema. Wifi akanijibu ni ya Uingereza, eti kwa sababu neno la rangi limeandikwa "colour", lina u. Nikamwamini, nikafuma mishono mifupi. Safu 9 ambazo karatasi inasema zifike sentimita 10, zangu zikafika karibu 5. Kwa hiyo kile kipande alichokiinua watu wakacheka, kifupi kama kitambaa cha kufutia mdomo, kimefumwa kwa kauli yake yeye! Hilo hakulisema mbele ya wageni.

Baadaye nilitulia nikaisoma upya. Kila safu inaanza na cheni 3, na cheni 3 ndicho kimo cha mshono mrefu. Mfupi unataka cheni 1 tu. Nikafuma sampuli kwa mishono mirefu, sindano ileile ya milimita 4, nikaitandaza mezani bila kuivuta, nikaweka rula. Mishono 16 kwa upana, safu 9 kwenda juu, sentimita 10 kila upande, kama ilivyoandikwa. Na hiyo u si ushahidi wa chochote. Kanada nao wanaiandika, na wengi wao hufuma kwa majina ya Kimarekani.

Kwa hiyo najua. Au naamini najua, maana kuna mengine yananiyumbisha. Safu ya kwanza haina ugomvi: cheni 60, unaanzia cheni ya nne kutoka kwenye sindano, unapata mishono 57, na zile cheni 3 ulizoruka zinahesabiwa mshono mmoja, jumla 58. Safu ya pili inasema tu cheni 3, kisha dc kwenye kila mshono, 58. Kila mshono upi? Ukianzia ule ulio chini kabisa ya cheni unaishia na 59. Ukiuruka huo, halafu ukasahau kuchomeka juu ya cheni za safu iliyopita, unabaki na 57 na ukingo unaanza kwenda mshazari. Mimi nauruka wa chini, na wa mwisho nauchomeka juu ya cheni. Inatoka 58. Lakini hilo limetoka mikononi mwangu, karatasi haikuniambia. Huyo mtoto wa darasa la tatu angelitoa wapi?

Halafu kuna alama ya nyota (*). Kwenye kifua kuna ua linaloanzia kwenye nyota, mwishoni pameandikwa rudia kutoka kwenye nyota mara 2. Ni maua mawili au matatu? Mimi nasoma hivi: moja umeshalifuma, unarudia mara mbili zaidi, yanakuwa matatu. Ingekuwa mabano yakifuatwa na mara 2, ningefuma mawili. Niko sahihi, Shangazi? Kwapa sizungumzii sana, ila mtu anakueleza kupunguza mishono mpaka begani, ndipo aya ya chini anakuambia shingo ilitakiwa kuanza wakati huohuo.

Mume wangu anasema niende kwa dada yake tuyamalize. Tafadhali usiniambie hivyo. Nikienda itaonekana nimekubali kwamba sijui kusoma, na maneno yale aliyasema mbele ya watu, hakuyasema chemba. Wala sitaki kugombana na mjamzito, nampenda wifi yangu. Ningetaka tu aje akae na mimi kidogo, aweke rula kwa mkono wake, aione safu ya 9, kisha aseme mbele ya walewale.

Kinachonikosesha usingizi ni uzi. Uliobaki hautoshi kuanza upya bila kuufumua ule mgongo mfupi, na uzi uliotiwa rangi kwa mkupuo uleule umekwisha; nikichanganya, mstari utaonekana. Nikiufumua nitamaliza sweta, lakini ushahidi utakuwa umekwenda, na akiipokea atasema nimeipindisha karatasi yake. Nikiuacha mpaka auone, mtoto atazaliwa hana sweta. Mume anasema piga picha pamoja na rula. Picha nimepiga, lakini nani atakusanya tena wageni wale waitazame?

Niufumue, au nisubiri? Nijibu mapema, siku zake zimekaribia na mikono ya sweta sijaigusa.

Mimi mke wa kaka yake.