Kisima kimoja, majibu mawili ya floraidi

Mhariri,

Mwaka jana nilichota maji ya kisima kimoja hapa Lamu, nikayatia katika chupa za plastiki, nikazipeleka mbili kwa maabara tofauti zipimwe floraidi, madini ambayo yakizidi hutia meno madoa. Ya kwanza ikajibu kwamba maji yako chini ya miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Ya pili ikasema yamepita. Maji ni yale yale, siku ni ile ile. Sasa mama mwenye mtoto wa miaka mitatu, ambaye meno yake ya kudumu yangali yakiumbika ndani ya ufizi, nimwambie nini?

Nawaomba watafiti wa afya ya meno wanaokuja pwani wakubaliane kwanza namna ya kupima, ndipo waanze kuhesabu madoa kwenye meno ya watoto wetu.

Mimi ni mtu wa maabara, na tofauti hizi sizioni ajabu. Elektrodi ya floraidi, yaani kijiti cha kupimia kinachochovywa majini, waliyoitangaza watafiti Frant na Ross mwaka 1966, ni chombo kizuri mno, ila husikia floraidi iliyo huru tu. Iliyoshikwa na alumini haioni. Na hapa kwetu kuna chumvi. Maji ya mvua ya jabia na maji ya kisima cha chumvi yanaweza kuwa na floraidi sawasawa, na bado elektrodi ikatoa jibu dogo kwa kisima. Dawa yake inajulikana: kila sampuli, na kila myeyusho wa kulinganishia, utiwe bafa ile ile, yaani myeyusho unaosawazisha chumvi na uasidi na kuifungua floraidi kutoka kwa alumini. Kuipunja bafa ili kuokoa pesa ni kuharibu kazi yote.

Chakula ni kigumu zaidi. Dagaa tunamla na miiba yake, na floraidi ya samaki imejaa humo mifupani. Kumloweka na kuchovya elektrodi hakutoshi. Tangu mwaka 1968 iko njia ya mtafiti Taves: floraidi hutolewa kwa asidi na kemikali ya silikoni, ikapanda kama mvuke, ikanaswa na alkali. Nimesoma ripoti za chai na samaki zisizosema hata kwa mstari mmoja zilipimwa vipi. Utazilinganishaje na za Nakuru, kule Bonde la Ufa, ambako madoa ya meno ni jambo la miaka mingi?

Kabla ya utafiti wowote, sampuli moja igawiwe maabara zote zitakazoshiriki, bila kuambiwa kiasi kilichomo. Majibu yakiachana, warudi mezani. Na kati ya sampuli zitakazogawiwa iwemo ya maji ya kisima cha chumvi. Kila karatasi ya majibu iandikwe njia iliyotumika, ili mwenye kisima naye aweze kuuliza.

Chupa ya tatu ya maji yale ninayo bado, haijafunguliwa. Maabara itakayokubali kuyapima hivyo, nitaipelekea mwenyewe.

Msomaji wako,
Langoni, Lamu