Mlituuzia kwaheri, sasa mwatuuzia nyingine

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja,
Mombasa.

KUH: KUDAI PESA ZA ONYESHO LA KUAGA, NA KAKA YANGU AOMBWE RADHI

Salamu kwako na kwa wenzako wa ofisini. Naandika kwa adabu, ingawa adabu yenyewe naishikilia kwa meno.

Jana mmenitumia ujumbe wa simu: kwa maombi ya mashabiki wengi, onyesho la mwisho la bendi ile litarudiwa Desemba, na tikiti za mapema zimeanza kuuzwa. Mmeutuma kwa nambari ile ile niliyowalipia kwa M-Pesa onyesho la mwisho la kwanza. Nilipofungua tangazo nilidhani ni la zamani. Picha ni ile ile, wazee wanne wenye miwani myeusi na makoti ya ngozi katika joto hili la Mombasa, maandishi mekundu yale yale, na tarehe mpya imebandikwa juu ya ile iliyopita, tena vibaya, hata mkia wa tarakimu ya kwanza bado unachungulia kwa chini.

Bendi mnaijua, na masharti ya kurudisha pesa mliyaandika wenyewe, kwa hivyo sitawachosha kwa maelezo ya yale yaliyopaswa kuwa. Nitasema yaliyokuwa.

Tulifika langoni kwenu saa kumi na mbili jioni, mimi nikisukuma kiti cha magurudumu cha kaka yangu mkubwa. Tulikuwa na tikiti za VIP, na wakati wa kununua mfanyakazi wenu alinihakikishia kwa simu kwamba nafasi ya kiti hicho imetengwa karibu na jukwaa. Tukavishwa zile bangili za karatasi. Hatujaenda mbali, baunsa wenu akatuita nyuma, akasema eneo lile limepewa wadhamini. Nikamwonyesha tikiti. Hakuisoma. Akatoa mkasi mfukoni, akaushika mkono wa kushoto wa kaka yangu, mkono ambao kiharusi kimeupooza, akaikata bangili. Kisha akasema, tena kwa kicheko: "Msijali mzee, hawa si watarudi Desemba? Mtakuja wakati huo."

Naomba urudie kusoma hapo. Wazee wale hawajapanda jukwaani, hawajaaga mtu, na tayari mlinda lango anajua kuwa kuna Desemba. Baunsa akijua, meneja hawezi kusema hakujua.

Na kama mlijua, nielezeni bei. Mwaka juzi bendi hiyo hiyo ilicheza kwenu bila ya kumuaga mtu yeyote, na VIP ilikuwa shilingi 3,000. Safari hii ilikuwa 6,500. Wapiga vyombo hawakuongezeka, nyimbo ni zile zile, soda ilikuwa ya kununua. Kilichoongezeka ni tangazo la redioni kwamba pwani hatutawaona tena milele. Hiyo milele yenu tumeilipia shilingi 3,500 kila mtu, na haikufika hata mwezi wa pili.

Nilipowapigia simu, binti aliyepokea alinijibu kwa upole, simlaumu, ila alikuwa anasoma mahali: "Mzee, hii ni kawaida ya bendi kubwa duniani. Hata Wazungu hufanya hivyo." Halafu simu ikakatika. Nilipopiga tena, ilikatika kabla sijafika kwenye jina langu.

Sasa aliyemwandikia jibu hilo alikosea mtu wa kumsomea. Kaka yangu alipiga gitaa la besi kwenye mahoteli ya Bamburi na Nyali katika miaka ya 1980, watalii wakitaka roki mpaka usiku wa manane, na mimi ndiye niliyekuwa nikimbebea spika. Mambo ya bendi kubwa za roki za Uingereza na Marekani ndiyo mazungumzo yetu ya barazani hadi leo. The Who waliaga mwaka 1982, na 1989 wakawa njiani tena. Mwimbaji Ozzy Osbourne alitangaza mwaka 1992 kwamba hazunguki tena, na 1995 akarudi na ziara ambayo jina lake lenyewe lilikuwa ni kutukana kustaafu. KISS waliaga mwaka 2000, kisha wakaanza kuaga upya 2019 hadi tarehe 2 Desemba 2023 pale New York, na usiku ule ule wakawaonyesha watu sanamu zao za kompyuta zitakazoendelea badala yao. Mötley Crüe ndio waliowashinda wote. Mwaka 2014 waliwaita waandishi wa habari wakatia sahihi mkataba wa kutozuru tena, wakafunga kazi Los Angeles usiku wa kuamkia 2016, na 2019 wakatoa video ya mkataba huo ukilipuliwa. Eagles angalau walikuwa wakweli: ziara yao ya 2003 waliiita Kwaheri ya Kwanza, mwenye kununua tikiti akajua ya pili haiko mbali.

Kwa hivyo najua. Na sababu naijua pia: rekodi hazilishi tena nyumba kama zamani, pesa iko jukwaani, na nyuma ya kila mwimbaji mzee kuna mafundi mitambo na madereva wanaongoja mshahara. Isitoshe, mtu aliyezoea makofi haimwii rahisi kukaa nyumbani na televisheni. Sina ugomvi na wazee wale wanne, wakitaka waage mpaka wafikie mia. Ugomvi wangu ni na nyinyi mliouza tikiti.

Maana mkitaka kuiga ya duniani, igeni yote. Mwaka 2024 sauti ya mwimbaji wa Aerosmith ilipokataa kupona, bendi ikatangaza kwamba ziara ya kuaga imekwisha, na watu wakarudishiwa pesa za tikiti. Huyo huyo Ozzy, alipokuja kuaga kikweli, tarehe 5 Julai 2025 kwao Birmingham, aliimba akiwa ameketi, kwa sababu ugonjwa wa Parkinson haukumruhusu kusimama. Uwanja wa Villa Park ulijaa watu wakimshangilia aliyeketi. Haukupita mwezi, akafariki. Huko mtu wa kitini alikuwa ndiye shughuli yenyewe. Kwenu mtu wa kitini ni wa kusogezwa ili meza ya mdhamini ipite.

Narudi langoni, kwa sababu mlipojibu barua pepe yangu mliandika kuwa "kulitokea mabadiliko madogo ya viti." Hebu niwaeleze udogo wake.

Ulikuwa mkasi wa shule, wenye mpini wa plastiki ya manjano. Kaka alipouona alimnyooshea yule kijana mkono wa kulia, ule mzima, sijui ni kumzuia au kumwomba. Kijana akauweka kando kama asogezaye pazia, akaunyanyua ule wa kushoto kutoka kwenye paja. Mkono ule ni mzito sasa, kwa hivyo ulimponyoka ukaanguka, akaunyanyua tena. Akauingiza mkasi chini ya bangili. Ncha ikapita kwenye ngozi ikaacha mstari, na mstari ukatoka damu kidogo. Kaka hakuhisi. Mimi ndiye niliyeiona, nikampangusa kwa leso, naye akaniuliza napangusa nini. Mbele ya foleni nzima. Kulikuwa na watoto. Na kijana hakusema pole. Alisema ya Desemba, kama nilivyowaandikia, akacheka na mwenzake, akaitupa bangili kwenye ndoo. Ndani ya ndoo mlikuwa na bangili nyingine zilizokatwa. Kwa hivyo si mabadiliko ya viti. Mliuza tikiti nyingi kuliko nafasi, mkaanza kupunguza watu kuanzia kwa wale msiotarajia wapige kelele.

Tuliwekwa kando ya jenereta, nyuma ya vyoo. Kupitia uwazi wa makuti tuliona kiwiko cha mpiga ngoma na taa. Nasikia mwimbaji alipofika kwenye wimbo wa mwisho alilia machozi jukwaani. Huenda, sisi hatukumwona. Onyesho zima kaka yangu alitamka neno moja tu: besi haisikiki. Ilikuwa kweli, ilimezwa na jenereta. Tukarudi kwa teksi hadi Kivukoni, tukangoja feri katikati ya usiku, nikamshusha kwa mteremko ule mnaoujua, na yeye amefunika mkono kwa shati.

Nilipopiga simu mara ya kwanza nilitaka shilingi 13,000 za tikiti mbili, basi. Mngelipa siku ile, barua hii isingekuwepo. Baada ya jibu la kuwa ni kawaida ya duniani, nikaongeza nauli ya teksi kwenda na kurudi. Baada ya "mabadiliko madogo ya viti" nataka meneja mwenyewe, si msaidizi wala binti wa simu, avuke feri aje Likoni, akae mbele ya kaka yangu na amwombe radhi kwa mdomo wake. Na baada ya ujumbe wa jana nataka mtangaze kwenye redio ile ile, saa zile zile, kwamba mlipouza onyesho la mwisho mlikuwa tayari mmepanga jingine, ili kila aliyelipa 6,500 ajue ana haki ya kudai chake.

Msidhani natisha hewani. Katiba, Ibara ya 46, inampa mteja haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na anachonunua, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza kuuza kwa maelezo ya uongo. Ibara ya 54 inasema mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima na utu. Pia kuna Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na mtu anaweza kwenda mwenyewe bila wakili. Mimi ni mstaafu, asubuhi zangu ziko wazi.

Na zile bangili za kwenye ndoo zilikuwa na wenyewe. Nimeshaanza kuwapata: familia moja ya Kisauni, mama mmoja wa Changamwe na mwanawe, na wengine wanaendelea kujitokeza. Tukishtaki, hatutashtaki kwa ajili ya mkono mmoja.

Nawapa hadi Ijumaa ya wiki ijayo. Msiniletee vocha ya punguzo wala tikiti za bure za Desemba, zitarudi kwenu siku hiyo hiyo. Ijumaa ikipita kimya, nitapeleka hati ya madai Jumatatu, na siku ya onyesho lenu kaka yangu na mimi tutakuwa nje ya lango, kwenye barabara ya umma ambako baunsa hana amri, pamoja na wenzetu wa ndoo, na bango lenye bei zote mbili, ya mwaka juzi na ya safari hii. Mchana wa kabla ya hapo barua hii itakuwa imefika kwa kila mdhamini aliyetajwa kwenye tangazo, ofisini kwake, mkononi mwake, na picha ya kifundo cha mkono imeambatanishwa.

Ni mimi,
Mteja wenu wa tikiti mbili za VIP,
Likoni.